Sufuria Iliyogoma Kuchemka

Saa nne asubuhi, Jumamosi, wanaume watatu walikuwa wamesimama uani kwa Mwalimu wakiitazama sufuria ya lita mia mbili. Majiko mawili ya gesi yalikuwa yakinguruma chini yake tangu saa moja. Maji ya kimea ya kupikia bia yalifika nyuzi tisini na tisa, yakatia nanga hapo. Kama yasingechemka yangechacha, na bia hiyo ilikuwa ya sherehe ya Mwalimu kustaafu.

"Kuna mtu sufuria haimtaki," Mwalimu akasema, kama anayesema gesi inaisha. "Tutoke mmoja mmoja, tuone."

Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Hata chumvi ya mayai aliipima na kuiandika daftarini. Akatoka nje ya geti, akarudi. Sufuria kimya.

Akatoka Kinyozi, mkono wa kulia mfukoni. Mwaka jana mguu wa stendi ya kuwekea sufuria uliachia na maji ya moto yakamwagikia mkono huo. Vidole vilijikunja, mkasi hashiki tena. Ilikubalika kwamba yeye ndiye aliyeigonga stendi kwa goti, maana ndiye aliyekuwa karibu. Akarudi. Sufuria kimya.

Akabaki Seremala, mwenye stendi. Siku moja kabla ya ajali aliichomoa bolti moja ya mguu wake, akaifunga kwenye kitanda cha mteja mwenye haraka. Mahali pake alichomeka kijiti, akakipaka rangi ya chuma. Alikusudia kuirudisha bolti, akasahau. Kinyozi ni mume wa dada yake, na dada sasa anafua nguo za watu.

"Labda gesi," akasema.

"Toka, bwana."

Hajafunga geti vizuri, akasikia sufuria inatokota mpaka mfuniko unacheza. Alisimama nje, neno "bolti" liko kwenye ncha ya ulimi. Aliona aibu hata mbele ya ukuta. Akaamua kusema. Akafungua geti, na mtokoto ukakatika.

"Basi," Mwalimu akasema huku akiandika. "Wewe utaosha chupa huko nje."

"Usijali, shemeji," Kinyozi akasema. "Vyombo navyo vina vituko vyao."

Seremala akalimeza neno, akachukua ndoo.

Wiki tatu baadaye, sherehe imepamba moto uani, Kinyozi alimletea Seremala glasi ya bia pale nje ya geti, kwa mkono wa kushoto.

"Imetoka safi, shemeji. Halafu, ile ya mwaka jana... niliwaharibia bia yote kwa uzembe wangu. Nisameheni."

Seremala akaipokea glasi. Povu likazama, na viputo vikasimama ndani ya bia, kila kimoja pale kilipofika. Kinyozi alivitazama kidogo, kisha akatazama barabara.

"Yameisha, shemeji," Seremala akasema. Akainywa yote, imelala bila povu vile vile, akairudisha glasi kwenye mkono wa kushoto.