Futari ya Nyapara

Kasian alikuwa Mkristo pekee kwenye karakana ya ndege pale Mapinga, na Ramadhani ya mwaka 1956 jambo hilo lilimponza.

Dawa ya kuoshea injini ilikaa kwenye mapipa, nayo ilitolewa kwa mpira. Mtu anatia ncha mdomoni, anafyonza mpaka dawa ije, anatema, kisha anaelekeza mpira kwenye karai. Ilikuwa na harufu tamutamu ya kuzungusha kichwa. Siku zote walipokezana. Mwezi ulipoandama, nyapara wao, Bwanausi, akamkabidhi Kasian mpira.

"Wenzio wamefunga, wewe hufungi. Mambo yamekwisha."

Pampu ya mkono ya kuvutia dawa ilikuwepo, mpya, nyekundu. Bwanausi aliifungia stoo, ufunguo akauvaa shingoni kama hirizi, ili mkaguzi akija kutoka Dar aikute inang'aa. Na huyo ndiye aliyepewa roho za watu kumi azitunze!

Kasian, kwa wema wake wa kijinga, alikubali, tena akaona fahari. Alifyonza mara sita kwa siku. Wenzake wakamwombea heri, na kila magharibi Dadi, fundi wa mabawa, alimletea bakuli la futari, leo muhogo wa nazi, kesho tambi. Wiki ya tatu bakuli likaanza kurudi limejaa. Mkojo wa Kasian ulikuwa mweusi kama kahawa na macho yamekuwa manjano.

Dresa wa zahanati alimwambia ini limeharibika, awahi hospitali kubwa Dar, la sivyo atakufa. Kampuni ingempeleka na kumtibu iwapo tu ugonjwa umetokana na kazi. Injinia, Mzungu aliyejua kila msumari wa ndege na asijue jina la mtu hata mmoja, akamwuliza nyapara.

"Dawa ile ni kama maji, bwana," alisema Bwanausi. "Huyu kazidisha tembo tu. Si unawajua hawa watu wa misheni?"

Kasian hakuwahi kuonja tembo maishani mwake. Injinia akaandika kwenye barua ya hospitali: ulevi.

Siku ya tatu baada ya Idi, Verdiana, mke wa Kasian, alimshika mumewe mkono, wakaenda polepole mpaka karakana kuomba barua ibadilishwe. Walikuta kioja. Makarai yalikuwa matupu, ndege inangojwa, Injinia amesimama na saa yake mkononi, na mpira umelala chini hauna wa kuuokota.

"Nimefunga sita, mzee," Dadi alimwambia nyapara.

"Na mimi sita," alisema Mtoro, fundi mwenzake.

Karakana nzima ilikuwa imefunga zile siku sita za sunna, hata wale ambao Ramadhani yenyewe waliila mchana nyuma ya mapipa. Macho ya Kasian yalikuwa yamewatia ucha Mungu wa ghafla.

"Basi fyonza wewe," Injinia akamwambia Bwanausi. "Si uliniambia ni maji?"

"Hata mimi nimefunga, bwana," alijibu nyapara, shavu limetuna kwa tambuu.

Kasian alisikia hasira ikimpanda mpaka miguu ikapata nguvu. Kopo la mabaki ya dawa lilikuwa kando ya pipa. Akalichukua, akamimina dawa kwenye kikombe cha Bwanausi mwenyewe, akampelekea kwa mikono miwili, kama anavyokaribishwa mgeni.

"Pokea, bwana nyapara. Mwezi mzima wenzangu wamenifuturisha, leo nami namfuturisha mtu. Jua likizama, kunywa mbele ya Injinia. Ukimaliza, mimi nitarudi nyumbani nikafe mlevi."

Akakisogeza kikombe mpaka karibu na midomo ya Bwanausi. Nyapara akarudi nyuma, akajikwaa kwenye karai, tambuu likamtoka.

"Toa hapa! Unataka kuniua? Sumu hiyo!"

Injinia alimtazama, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Kasian usoni. Akanyoosha mkono kwa nyapara.

"Ufunguo."

Barua mpya iliandikwa hapo hapo: ugonjwa wa kazini. Verdiana alipokuwa akimpandisha mumewe kwenye gari la Dar, Dadi alikuwa ameshaitoa pampu stoo na kuanza kazi. Gari halijawashwa, makarai yote yalikuwa yamejaa.