Kioo Kilichofungwa kwa Nje

Obbo wa Rubongi alimjengea mama mkwe wake, Mama Taaka, nyumba hapa Busia, upande wa Uganda, na mtaa mzima ukakubali kazi ni safi. Bafu aliliweka ndani ya chumba cha kulala, kama hoteli. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mwenye nyumba akishahamia, mkwe hakanyagi tena chumba anacholala mama mkwe. Kwa Wasamia, watu wa mama, ni mwiko, kwa Wapadhola, watu wa Obbo, ni mwiko, na kitanda cha Mama Taaka kiko mlangoni mwa bafu.

Kwa hiyo kioo cha bafuni kilitundikwa na fundi mwingine, akakibandika kwa gundi juu ya rangi. Mvuke wa maji moto ukalegeza rangi, kioo kikashuka nayo, kikapasukia miguuni pa Mama Taaka. Hakukatika hata ukucha. Lakini tangu siku hiyo akarudi kwenye bafu la zamani la mabati nyuma ya nyumba, taulo begani, akisalimia kila mpita njia, na watu wakasema nyumba ya Obbo imemkataa mwenye nyumba. Maneno yakamfikia Obbo mpaka Rubongi. Alitaka kitu kimoja tu: mama mkwe aoge ndani.

Jumamosi akafika na kioo kipya chenye tundu kila pembe, drili, na bolti ndefu kuliko unene wa ukuta. Mama Taaka alikuwa sebuleni, mapazia yameshushwa. Walizungumza kupitia kwa Phiona, bintiye, ambaye ni mke wa Obbo.

"Mwambie mkwe, mwanamume hapiti tena kando ya kitanda changu. Hata awe fundi wa serikali."

"Mwambie mama hakuna anayepita," Obbo akajibu kutoka uani. "Nafunga kwa nje."

Aboth, jirani anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, alikuwa keshaleta kigoda chake. Wengine tulisimama.

"Kwa nje? Basi tutajitazama sisi!" Aboth akasema. "Wewe Obbo, si umpe mkeo drili?"

"Niliwahi kumpa. Alitoboa bomba la maji."

"Mara moja tu!" Phiona akapiga kelele kutoka ndani.

Dirisha la bafu linaonekana ndani na nje, kwa hiyo Obbo akapimia hapo. Phiona akamsimamisha mamake ukutani, akaweka alama usawa wa macho, akakishika kioo hapo, akamsomea mumewe umbali wa kila tundu kutoka pembe ya dirisha. Obbo akavihamishia vipimo nje. Alipotoboa, Phiona alikandamiza ubao upande wa ndani ili plasta isibomoke. Tundu moja likatokea pembeni kidogo. Obbo hakulazimisha, alilipanua polepole, maana kioo kikivutwa upande hupasuka chenyewe.

Bolti zikaingia kutoka ndani, zimevikwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili chuma kisiguse kioo. Nje Obbo akaweka washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu, na nati, akakaza kwa vidole, halafu kwa spana, kidogo kidogo, kwa zamu.

"Yule Elvis muokota vyuma chakavu atazifungua kabla ya misa ya kesho," Aboth akasema.

Obbo akazifunika nati kwa saruji. "Akizitaka abebe ukuta. Phiona, vuta!"

"Nimevuta."

"Vuta kama umenikasirikia."

"Kimekaa!"

Tukasikia ndara za Mama Taaka zikiingia bafuni. Alisema jambo, lakini safari hii Phiona hakulipeleka kwa mtu. Mlango ukafungwa. Obbo alikuwa bado amechuchumaa chini ya ukuta ule, akilainisha saruji, wakati bomba la maji machafu lilipokohoa na povu la sabuni likamtiririkia kwenye viatu.

"Yesu wangu!" Akaruka. Mkwe kusimama nje ya ukuta ambao mama mkwe anaoga nyuma yake! Aliacha drili, akaacha spana, akakimbia mpaka ng'ambo ya barabara, akasimama pale kaipa nyumba mgongo. Mtaa ulicheka mpaka Aboth akaanguka na kigoda.

"Mkwe, vyombo vyako vitaibiwa!" akamwita.

Obbo hakugeuka. "Bado anaoga?"

"Bado! Ameongeza maji!"

"Basi niacheni hapa."