Urugori wa Nyirakamana

"Wazee? Mimi nawajua kuliko daktari!" Florent aliwatambia wenzake wa shule ya wauguzi. "Nimelelewa na nyogokuru pale Keshero. Saa nne masera ataniandikia pointi zote ishirini, mutaona."

Kweli bibi yake alimlea: likizo mbili.

Mtihani ulikuwa kumwogesha Nyirakamana, mkongwe aliyeletwa kutoka Kalengera na ugonjwa wa kifua. Mwezi mzima masera Angèle, mtawa aliyewafundisha, alikuwa amerudia somo lile lile: kabla hujagusa kitu cha mzee, muulize. Florent alimwigiza kwa sauti ya puani, darasa likavunjika mbavu.

Kichwani Nyirakamana alivaa urugori, ule utepe wa bua la mtama wanaovaa mama waliozaa. Ulikuwa mweusi kwa moshi na siagi ya miaka.

"Eeh, mama malkia! Hii taji yako, chawa wamejenga parokia ndani!"

Wodi nzima ikacheka. Bibi akainua mkono. Haujafika kichwani, makasi ya Florent yakalia, kwachu! Urugori ukaishia kwenye makaa ya mbabula iliyochemshia maji.

Nyirakamana hakulia. Aligeukia ukutani, akakataa uji, akakataa hata maji. Florent akanyoosha shuka, akajipa hongera.

Saa nne masera aliingia. Nyuma yake alikuwa Ntirenganya, mtoto wa bibi, miguu imejaa vumbi la njia ya siku mbili, mkononi kibuyu cha maziwa. Alipoona kichwa kitupu, kibuyu kikamponyoka. Kwao, mama huvua urugori akifiwa na mtoto.

"Mama! Nani kati yetu amekufa? Ni ndugu yangu Harelimana?"

"Wote," bibi alijibu bila kugeuka. "Leo nimezika wote."

Maziwa yakatambaa chini ya vitanda. Masera alimkazia Florent macho.

"Nani ameutoa?"

"Yeye mwenyewe, masera. Nilimuuliza kwanza, kama ulivyotufundisha. Akasema unamuwasha."

Kwenye kitanda cha jirani, mama Mukabalisa, aliyefungwa bandeji macho yote mawili, akakohoa.

"Masera, mulinifunga macho, masikio mukaniachia. Mutoto huyu alimutania, nikasikia, na mimi nikacheka pamoja na wengine, Mungu anisamehe. Makasi nayo niliyasikia. Lakini swali? Swali sikusikia."