Dirisha Lililojua Irabu

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni kliniki na mjukuu wangu Ombeni, na mbele yetu limesimama dirisha la chumbani kwangu.

Sikushangaa. Nilikuwa nimesali kabla ya kulala, na pale niliona ni haki yake, maana lilikuwa limewahi.

Kwenye mzani wa kuning'iniza watoto alikuwa Tekla, bibi afya wa kata. Huyo hata nje ya ndoto namjua. Jumanne alinikuta nakwangua rangi kuukuu ya dirisha hilo ili nipake mpya kwa Krismasi, kama tufanyavyo kila mwaka, na Ombeni anacheza kwenye vumbi lake. Akasema rangi ile ina madini ya risasi, ni sumu kwa akili ya mtoto, nimpeleke akapimwe damu. Nilimjibu tutakwenda baada ya sikukuu. Siwezi kumpokea Bwana kwenye nyumba iliyokwanguliwa nusu.

Sasa Tekla ananitazama bila hasira.

"Utaratibu ni mmoja," anasema. "Mtoto anapimwa pamoja na anachokula."

Analivalisha dirisha kaptula ya mzani. Linaning'inia, linazunguka taratibu.

"Limepungua. Nani analila?"

Ombeni anafumba mdomo.

Nikasema kwetu tunakula ugali kama watu wengine. Dirisha likageuka upande wangu.

"Usimgombeze, bibi yake Ombeni. Tunabadilishana. Mimi nampa rangi, ni tamu. Yeye ananipa herufi."

Kisha linasoma: a, e, i, o. Sauti ni ya Ombeni kabisa, hata kile kithembe chake.

Herufi hizo nilimfundisha mimi. Kila jioni nikitoka darasa la watu wazima namwandikia kiganjani nilichojifunza, naye anakariri. Alikuwa akinipita.

Nikigeuka, kliniki imeshakuwa darasa letu. Mwalimu anamwita Ombeni ubaoni. Anafungua mdomo, unatoka moshi wa buluu, basi. Dirisha linainua ubao wake mmoja kama mkono na kumjibia. Wanafunzi wenzangu, watu wenye mvi, wanalipigia makofi. Mimi pia napiga. Mikono hainisikii.

Nikapiga magoti hapohapo kwenye vumbi la chaki. Nikasema, Bwana, mrudishie mtoto herufi zake.

"Amebakiwa na u," likasema dirisha. "Ameniahidi kunipa asubuhi."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Ombeni amekaa kitandani, uso ameuelekeza dirishani, na kwenye kona ya mdomo ana kibanzi cha rangi ya buluu. Jana usiku nilimnawisha mwenyewe.

Nikakitoa kwa ncha ya kanga. Nikamshika mkono, nikamwandikia a kiganjani.

"Hii nini, baba?"

Akaitazama muda mrefu. Nikaandika e. Akaniangalia kwa huruma, kama anayetaka kunisaidia. Kisha akaligeukia dirisha, akatulia, akasubiri lijibu.

Sikuandika u. Nilimfumba kiganja, nikamfunga mgongoni, nikatoka kwenda kituo cha afya na kopo la rangi nikaliacha wazi. Njia nzima nilimsihi asifungue mkono.