Kioo Kisichotazamwa Usoni

Mama alijifunika leso gubigubi, sufuria ya kunde ikamponyoka, kuku wakatimka boma zima.

"Woi! Mkwe ameniona!"

Levi, mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, begi begani, amechoka hata adabu zimemtoka. Ughaibuni kulimsahaulisha jambo ambalo kwetu Matulo hata mtoto analijua: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Alirudi kinyumenyume akiwaomba radhi kuku. Ningekuwa na nguvu ningecheka. Lakini nami nilikuwa na uchovu wangu, ule usioondoka kwa usingizi.

Nilikuwa nimeifunga nyumba yetu ya Kitale na kurudi kwetu. Mume anayekuja Krismasi na kuondoka kabla mahindi hayajapandwa si mume, ni mgeni wa heshima, na mimi nilikwishachoka kuandalia wageni. Sasa waajiri wake walimtaka kwa mkataba mwingine. Alikuwa amekuja kuniuliza kwa mara ya mwisho kama tutafuatana, nami nilikuwa nimekwishamdokezea mjomba Wabwile kwamba huenda ng'ombe wa mahari wakarudi walikotoka. Kuzungumza tulijaribu sana. Kwenye simu ilikuwa vita, na uso kwa uso ilikuwa vita na nusu.

Mama alipotulia, tulikaa ilivyostahili. Yeye ndani, nyuma ya ukuta wa udongo. Levi nje, juu ya kigoda, mgongo ukutani, akitazama ghala la mahindi. Mimi mlangoni katikati yao, tarishi wa maneno ambayo kila mmoja aliyasikia vizuri.

"Muulize," alisema Mama, "hiyo kazi iliyomla akili ni kazi gani."

"Anauliza ni kazi gani."

"Mwambie natengeneza vioo."

"Vioo?" Mama hakungoja nimfikishie. "Si hata Gurpreet mwenye duka anauza vioo pale Kitale, tena na fremu!"

Levi alijifikicha macho. "Mwambie hivi si vya kujitazamia. Ni vya darubini itakayorushwa juu angani, ipokee eksirei zinazotoka kwenye nyota."

"Eksirei? Kama ile iliyonionyesha mbavu zangu hospitalini?"

"Ndiyo hiyo, Mama," alisema Levi, akasahau kunipitia. "Ukiikinga na kioo uso kwa uso, inapenya inaenda zake. Lakini ukikilaza kioo ubavu, ikapita ikikigusa kidogo tu, kama jiwe bapa mtu akilirusha juu ya maji ya mto Nzoia, hapo inageuka inakokwenda. Ila kioo kimoja kinashika kidogo mno. Inabidi tuvipange vingi, kimoja ndani ya kingine, kama maganda ya kitunguu. Vikiwa vizito, roketi haiwezi kuvibeba. Kwa hiyo lazima viwe vyembamba kama ukucha."

"Na kitu chembamba hivyo mnakikunjaje?"

"Hatukikunji. Tunakilaza juu ya kalibu ndani ya tanuru, kinalegea chenyewe, pole pole, mpaka kishike umbo la hiyo kalibu. Punje moja ya vumbi ikiingia, kimeharibika."

"Na mkikiharakisha?"

"Kinapasuka."

Nilisikia Mama akizikusanya kunde zake sakafuni. Nilidhani maongezi yamekwisha, nikashukuru. Levi aliendelea bila kuulizwa, macho yake palepale kwenye ghala.

"Mwambie Mama, mwaka huu vilivyopasuka ni vingi kuliko vilivyopona. Mwambie hata sijui kama hiyo darubini itawahi kuruka. Mwambie naogopa kurudi kule peke yangu, na naogopa kubaki hapa watu wakisema nimeshindwa. Jioni nikisonga ugali, nasonga wa watu wawili. Sijui kwa nini. Halafu nakaa nautazama."

Moyo wangu ulinipasuka, nasema kweli. Miaka yote ile, simu zote zile, hakuwahi kunipa hata nusu ya maneno hayo. Nilikuwa nikimkabili na hasira zangu zote, naye akinijibu kuhusu nauli na viza. Nilimchukia kwa kumpa mama yangu kilichokuwa changu, na papo hapo nilitaka kumshika mkono.

"Mama," nilianza, "anasema..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," alisema Mama. "Haya, wacha mimi niende nikachume kunde zingine. Hizi zimejaa mchanga."

Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, na kandambili zake zikiburuzwa kuelekea shambani. Tukabaki wawili. Ningeweza kwenda kusimama mbele yake, mikono kiunoni, kama siku zote. Maneno nilikuwa nayo, hayakuwahi kunipungukia.

Nilivuta kigoda cha Mama, nikakiweka kando ya cha Levi, nikakaa. Mabega yetu yalikaribia kugusana. Sikumtazama. Nilitazama ghala, na jogoo aliyekuwa akidonoa chini yake.

"Mwambie Levi," nilisema, "kwamba hata mimi naogopa."

Hakugeuka. Nilimsikia akishusha pumzi.

"Nitamwambia," alisema.