Pale Gazeti Lisiposhika

Wewe unayelifungua gazeti kuanzia nyuma, kwenye mpira, nakusema wewe. Unasoma nani kamfunga nani, unageuza mbele kuona nani kakata utepe, kisha unalikunja na kulikalia kwenye benchi la stendi. Ukingo ulipomomonyoka kwenye machimbo ya kokoto, pale kwenye kona ya barabara ya kupandia Ngorongoro, ulikuwa unapita. Basi lenu lilisimama. Uliona vumbi. Uliona chepe limelala peke yake. Ukageuza shingo upande wa msituni ukasema, "Dereva, tutachelewa." Yamesahaulika kwako, si kwa Cresensia.

Cresensia alikuwa mke wa Patrisi, mkulima wa kijiji cha Qurus ambaye, mwaka mvua ilipogoma, alikwenda kuponda kokoto kwa mkandarasi wa barabara. Walikuwa wengi mle shimoni, Wairaqw na Wamasai, chini ya ukingo ambao hata mbuzi angeukwepa. Ukingo ukashuka. Mkandarasi akangoja vumbi litulie, akaleta katapila, akasawazisha. Akasema shimo lilikuwa tupu. Vibarua walikwishaondoka, wamekwenda zao kama wanaume wanavyokwenda. Maneno hayo yaliwafukia watu kuliko ule udongo.

Mwanamke akabaki njia panda, mjane asiye mjane. Kwa Wairaqw, nyumba iliyoguswa na kifo hutengwa: haingiwi, hakuombwi moto, mpaka muda wa mwiko uishe na nyumba isafishwe. Lakini mwiko ambao haukuanza utaishaje? Maiti hakuna, kaburi hakuna. Majirani wakawa wanamwamkia kutoka ng'ambo ya shamba la ngano. Akiwauliza watarudi lini, wanajibu, "Ukishazika."

Aliyevuka mlango wake alikuwa Eunike peke yake, Mmasai wa Malambo aliyeolewa Karatu, muuza maziwa. Kaka yake, Koinet, alikuwa shimoni pamoja na Patrisi. Kwa Wamasai aliyekufa hatajwi jina. Kwa hiyo Eunike alimtaja kila siku, kwa ukaidi, hata pasipo na haja: Koinet angeyamaliza maziwa haya, Koinet haupendi ukungu huu.

"Siku nitakayoacha kumtaja," alimwambia Cresensia, "ujue nimekubali."

Sasa sikiliza habari ya ukuta.

Patrisi alikuwa amebandika magazeti chumbani, kuta zote, kwa uji wa unga wa ngano, ili baridi ya Julai isipenye. Hakujua kusoma. Alifuata picha tu, nyingine zikakaa kichwa chini, akizipigapiga kwa kiganja: pa, pa, pa. Zilishika vizuri. Lakini baada ya ukingo kushuka, karatasi iliyokuwa juu ya kitanda, upande aliokuwa akilala yeye, ikabanduka. Cresensia akaipaka uji, akairudisha. Asubuhi akaikuta sakafuni, imelala kifudifudi.

Ule ulikuwa ukurasa wa mbele. Akajaribu wa habari za nje: tetemeko nchi ya mbali, watu wanafukuliwa kwenye vifusi, kila mmoja kwa jina lake na umri wake. Ukaanguka. Akabandika wa kilimo, wenye mbolea na mbegu bora. Ukaanguka. Ratiba ya redio, chemsha bongo, katuni ya mlevi na mkewe, shairi la msomaji mmoja wa Tanga anayesifu subira, vyote chini. Ukurasa wa michezo ulijikaza hadi adhuhuri. Alitoka kuchota maji, na aliporudi aliukuta kitandani, umekunjwa vizuri kabisa, kama unavyokunjwa na mtu anayetaka kuukalia.

Nyuma ya kila karatasi palikuwa na udongo mbichi. Ukuta wa Cresensia ulikandikwa kwa udongo mwekundu wa Qurus. Huu ulikuwa wa kijivu, una changarawe.

Eunike aliusugua kati ya vidole, akaunusa. "Koinet alikuwa anarudi na udongo huu kwenye nywele," akasema.

Ndipo wakamwita Raphaeli. Raphaeli alikuwa mwandishi wa gazeti pale Karatu, na alipata kipaimara siku moja na Patrisi, ndiyo maana alimwita Cresensia shemeji. Alikuja mchana wa ukungu, ukungu wenyewe umeketi hadi kizingitini, akavuta kigoda karibu na mlango.

"Mwandike," Cresensia akamwambia. "Andika pale alipo. Wakisoma watakuja kumfukua."

"Shemeji, gazeti ni kama nyumba, lina vyumba vyake. Mgeni humlazi jikoni."

"Basi mlaze sebuleni. Ukurasa wa mbele."

"Huo una wenyewe. Safari hii umechukuliwa na mkandarasi, anakabidhi barabara."

"Picha amepigiwa wapi?" Eunike akauliza.

Raphaeli akakohoa. "Pale kwenye kona."

"Amesimama juu ya Koinet, anacheka."

"Habari za mikoani," Cresensia akasema.

"Mhariri anataka mtu wa kuthibitisha. Na aliyethibitisha mpaka sasa ni mkandarasi."

"Barua za wasomaji."

"Zinataka jina na anwani. Ukiweka anwani, shemeji, mkandarasi naye ni msomaji."

"Mweke kwenye kilimo!" Eunike akadakia. "Si amepandwa? Tangu mwaka jana amepandwa, hajaota tu. Ndugu mwandishi, tuletee mbolea."

Raphaeli hakucheka. Alifuta jasho, na siku ile hapakuwa na joto. "Tanzia inataka siku aliyofariki na mahali alipozikwa. Hamna. Kilichobaki ni matangazo madogo, na hapo nitawasaidia leo leo. Anatafutwa: Patrisi, mrefu, maji ya kunde, alitoweka nyumbani..."

"Hakutoweka." Cresensia alisema taratibu. "Anatafutwa mbuzi. Mume wangu najua alipo. Nikitangaza anatafutwa, nimeukubali uongo wa mkandarasi kwa kinywa changu mwenyewe."

"Basi, shemeji," Raphaeli akainua mikono, "mtu wako hana ukurasa."

Pa, pa, pa.

Sauti ilitoka ukutani, juu ya kitanda, pale pasiposhika kitu.

"Panya," Raphaeli akasema.

Pa, pa, pa. Polepole, kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayetoa hewa chini ya karatasi. Ikaitikia nyingine kwenye ukuta wa pili. Kisha ya tatu, nyuma ya kisogo cha Raphaeli.

"Panya wa kwenu wanabandika magazeti?" Eunike akamuuliza.

Magazeti yakaanza kujiachia. Hayakudondoka kwa kishindo. Yalichanuka kutoka juu, kuta zote kwa pamoja, yakashuka na kulala kifudifudi: wakata utepe, wafunga magoli, marehemu wenye makaburi yao. Ukuta ukabaki uchi. Ulikuwa umejaa viganja, vya kijivu, vyenye maji, vingi. Na havikuwa vimebonyea kama alama ya mtu aliyeugusa ukuta kwa nje. Vilikuwa vimetuna. Vilikuwa vinasukuma kutoka upande wa pili.

Raphaeli aliacha mkoba, akaacha kalamu, akaacha hata kuaga. Ukungu ukaufunga mlango nyuma yake.

Eunike akasogea. Akachagua kiganja kimoja, akaweka chake juu yake, akakaa hivyo. Cresensia akasubiri. Alisubiri lile jina, alilolisikia kila siku hadi likamchosha, na sasa akaomba moyoni litoke.

"Kaka yangu ana baridi," Eunike akasema.

Basi. Hakulitaja.

Cresensia hakulia. Alikwenda nyuma ya mlango akatoa majembe mawili, moja akampa mwenzake, lingine akalitia begani. Walipopita shamba la ngano, majirani waliwaona na udongo ule mikononi, wakarudi nyuma hatua. Hapakuwa na aliyeuliza mnakwenda wapi. Jambo ukiliuliza linakuhusu.

Wako pale kwenye kona, wanachimba. Magari ya watalii yanawapigia honi wapishe. Kila wanaponyanyua majembe wapumue, ardhi inagonga kutoka chini, pa, pa, pa, na kila wakichimba inagonga karibu zaidi. Wanawake wawili hawatoshi, na mkandarasi ana katapila; habari ikimfikia atakuja kusawazisha tena, na safari hii atasawazisha na wachimbaji.

Kwa hiyo usipindue ukurasa. Hakuna ukurasa mwingine wa habari hii. Usiseme huna jembe, lipo nyuma ya mlango wako, nyumba gani Karatu haina jembe? Panda basi, na likifika kwenye kona usigeuze shingo. Mwambie dereva asimame. Shuka. Chimba. Leo, kabla ukungu haujainuka.