Vidole vya Shangazi Biubwa

Mwalimu Shamsia alikwenda Kiwangwa kuchuliwa mgongo, na kumwelimisha shangazi yake Biubwa, aliyechua watu kwa mafuta ya nazi bila cheti chochote. Akajilaza mkekani, darasa likaanza.

"Shangazi, neva moja ya mgongoni ina matawi mengi yaliyotawanyika. Gusa tawi lolote, ubongo unaletewa habari ileile moja. Mgonjwa akikuonyesha panapomuuma, usimwamini."

"Na wewe panakuuma wapi?"

"Hapahapa! Mgongo wangu naujua."

Biubwa akambonyeza. "Vidole vingapi hivyo?"

"Kimoja."

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko. Vilikuwa vitatu.

"Somo nimelielewa, mwanangu," akasema Biubwa, akijimiminia mafuta kiganjani. "Sasa nyamaza, nipatafute mwenyewe panapouma."